Tanuri la Tatu

Siku ile nilikuwa na umri wa vigae mia nne na tisa. Ni miaka mingapi, sijui. Katika Nyumba ile isiyo na madirisha hapakuwa na kalenda wala saa ya ukutani. Muda ulipimwa kwa sakafu tulizotandika juu ya vigae, na kila sakafu ilikuwa na unene wa atomu moja tu. Mtu aliweza kuingia akiwa na nywele nyeusi, akainama juu ya kioo cha kuchungulia, akatandika matabaka ishirini, na alipoinua uso akaikuta mikono yake imekuwa ya babu yake. Mimi yalinipata hayo. Siyalalamikii. Nilisoma shule ya bweni, katika nyanda za juu ambako alfajiri maji ya kunawa yalifanya utando wa barafu, na huko nilifundishwa kwamba anayelalamika anapoteza pumzi anayoihitaji kwa mchakamchaka.

Nje ya Nyumba kulikuwa na Jiji, na Jiji lilikuwa na nyaya, na nyaya zilikuwa zinakula. Ndivyo watu walivyosema, nao kwa hilo hawakukosea. Umeme ulitoka mtamboni ukiwa umeshiba, ukasafiri ndani ya waya ukigongana na kila atomu iliyokuwa njiani, na kila mgongano uliupunguza, hata ulipofika Kata ya Mwisho haukuweza tena kuwasha taa. Uliweza tu kuufanya uzi wa ndani ya taa uwe mwekundu, kama jicho la mtu aliyemaliza kulia. Ndege hawakutua juu ya nyaya hizo kwa sababu ya joto lake. Kugongana huko ndiko kunakoitwa ukinzani. Sisi tuliwekwa ndani ili tutengeneze kitu kisichokuwa nao: utando mwembamba ambao umeme ukianza kuzunguka ndani yake hautasimama, hata aliyeuanzisha akifa, hata jina lake likifutika.

Kwa nini kila kinachokwenda hupungua? Hilo ndilo swali nililoingia nalo mle ndani. Niliamini jibu nilikuwa nalo tangu shuleni: hupungua kwa sababu ya fujo. Ondoa fujo, panga kila atomu mahali pake, na kitakachopita hakitagusa kitu.

Tulikuwa wawili. Mimi, Lutengano, mkuu wa chumba. Na Mkegani, mwanamke wa makamo, mzaliwa wa Kata ya Mwisho, ambaye mama yake angali huko akishona nguo za watu kwa kupapasa. Mbele yetu lilisimama pipa la chuma lililotolewa hewa yote, hata ndani yake pakabaki ombwe. Chini ya pipa hilo kulikuwa na matanuri matatu madogo, kila moja na kifuniko chake. La kwanza liliyeyusha shaba. La pili liliyeyusha metali laini nyeupe. Vifuniko vilipofunguliwa, mvuke wa metali ulipanda na kutua juu ya kigae pamoja na oksijeni kidogo, atomu kwa atomu, na doa la kijani lililoonyesha hali ya utando kwenye kioo lilififia, kisha likang'aa tena sakafu ilipotimia. Hapo mimi nilitaja namba, naye Mkegani akaitikia, “Imejaa.” Ndiyo mazungumzo tuliyokuwa nayo kwa sehemu kubwa ya maisha yetu.

Tanuri la tatu halikuwahi kufunguliwa. Lilikuwa na metali ya ukoo mmoja na ile nyeupe, inayofanana nayo kwa umbo na inayoweza kuketi katika kiti chake, ila huja na elektroni moja pungufu. Mahali inapoketi, panabaki pengo. Mimi niliita hiyo najisi, na kwa kuwa nilikuwa mkuu wa chumba, likawa ndilo jina lake.

Vigae mia nne na tisa vilitoka mikononi mwangu bila dosari hata moja. Vyote mia nne na tisa havikupitisha umeme.

*

“Shikamoo, Kiranja,” alisema Mkegani siku hiyo, akiingia na barua. Aliniita Kiranja kila alipotaka kunichokoza, kwa kuwa aliwahi kunisikia nikijivunia kwamba nilikuwa kiranja mkuu.

“Marahaba. Umechelewa.”

“Nimechelewa kwa saa ipi? Humu ndani saa ni wewe.” Akaikunjua barua. “Ya Baraza hii. Wanataka kujua kuhusu ‘utando wa joto la juu.’ Joto la juu! Jana nimechovya kitunguu kwenye ile naitrojeni yetu ya kimiminika, kimepasuka kama gilasi. Wakija waambie watie kidole, walione hilo joto.”

“Ni joto la juu ukilinganisha na baridi iliyohitajika zamani. Soma.”

Alisoma, na sauti yake ikaacha mchezo. Mjumbe wa Baraza angefika adhuhuri ya siku hiyohiyo. Angetaka kuona pete moja ya utando ikishika umeme bila kuupoteza. Akiiona, Kata ya Mwisho ingewekewa waya mpya. Asipoiona, waya wa zamani ungekatwa alasiri, kwa maelezo kwamba kinachofika huko hakistahili safari yake.

“Wanatuita kitu kisichostahili safari,” alisema.

“Wamesema umeme.”

“Wewe umesikia umeme.” Aliitazama rafu ya vigae. Kilikuwa kimebaki kimoja. “Ukikitandika hiki kama ulivyotandika vile, tutapata nini?”

“Utando usio na dosari.”

“Na usiopitisha kitu. Kiranja, huko shuleni mlikula wapi?”

“Bwaloni. Kwenye mabenchi marefu, wanafunzi kumi na wawili kila benchi. Nilihakikisha mwenyewe.”

“Benchi likishajaa, na wa mwanzo anataka kufika mwisho, anapita wapi?”

“Hapiti. Ana nafasi yake.”

“Basi ndizo hizo elektroni zako. Kila moja imekalia kiti chake, hakuna kiti kilicho wazi, na hakuna inayokubali kumpakata jirani. Unazisukuma kwa nguvu ya mtambo mzima, zinakwambia, tusogee wapi, mzee?”

Nilimweleza, kwa utulivu, uzuri wa jambo analolikebehi. Katika sakafu zangu elektroni hazikukaa tu. Zilikaa kwa zamu, hii ikielekea juu, jirani yake chini, inayofuata juu, hivyo hivyo hadi upeo wa utando, bila hata moja kukosea. Hakuna jeshi lililowahi kusimama namna ile. Alinisikiliza hadi mwisho.

“Makaburi nayo yamepangwa,” alisema. “Fungua tanuri la tatu. Viti kumi na sita katika kila mia vibaki bila mtu.”

“Nani amekwambia kumi na sita?”

“Nimepiga hesabu vigae vyote hivi ulivyokuwa unanitaka niitikie tu. Vitano havitoshi. Thelathini vinazidi, unapata metali ya kawaida inayokula kama nyaya za nje. Kumi na sita, elektroni zinaanza kwenda mbilimbili, na zikienda mbilimbili hazigongani na chochote. Kwa nini mbilimbili, sijui. Hakuna anayejua.”

“Unataka nifungulie kitu usichokijua.”

“Mama yangu hajui umeme ni nini. Lakini ukikatika atajua.” Akachukua chupa kubwa ya chuma. “Naenda kuleta naitrojeni. Nikirudi uwe umeamua, maana pampu ya kutoa hewa haitusubiri.”

*

Nilibaki peke yangu, nikaweka jicho kwenye kioo.

Sijui ni lini kioo kilinipitisha. Nilijikuta nimesimama juu ya utando wa mia nne na tisa, nikiwa mdogo kuliko vumbi, na mbele yangu uwanja ulitanda usio na ukingo, na juu ya uwanja walisimama wanafunzi. Kila mmoja katika mraba wake. Mmoja uso juu, mwenzake uso chini. Kaptura zimepigwa pasi. Hakuna aliyekohoa. Nilitembea kati yao kama nilivyotembea zamani, mikono nyuma, nikihesabu, na hesabu ilitimia kila upande nilioelekea, nikasikia ile furaha ya zamani ikipanda kifuani. Ikapanda. Ikaganda hapo.

Kwa maana hakuna aliyenitazama.

Nilisema: Mimi ndiye niliyewapanga. Kimya. Nilisema: Nilikesha kwa ajili yenu. Kimya, wa juu akiwa juu, wa chini akiwa chini. Nikajaribu kusogea niondoke, na hapo nikatambua kwamba nami nilikuwa ndani ya mraba, kwamba mbele yangu pamejaa na nyuma yangu pamejaa, na kwamba hata kuinua mkono ningehitaji nafasi ya mtu mwingine. Hivi ndivyo ilivyo basi. Hivi ndivyo ilivyo kuwa mkamilifu: kuguswa na majirani wanne, na kutomjua hata mmoja.

“Bado unahesabu tu?” mtu aliuliza.

Alikuwa Ambokile. Tulisoma darasa moja, na vitanda vyetu bwenini viliachana kwa upana wa sanduku. Alikuwa na umri uleule wa miaka kumi na saba, na mimi nilikuwa na umri wangu wote.

“Hukupaswa kuwa hapa,” nilimwambia. “Ulifukuzwa.”

“Nimefukuzwa, ndiyo. Ndiyo maana natembea.” Kweli alikuwa anatembea. Alipita katikati ya mistari akizungusha kofia kidoleni, na kila alipopita aliacha mraba mtupu, na aliyekuwa jirani aliingia mraba huo, na aliyekuwa nyuma yake aliingia wa jirani.

Lazima niseme yaliyotokea, kwa kuwa niliyatenda mimi. Dada yake Ambokile alikuwa anaolewa, na mkuu wa shule alimnyima ruhusa. Alitoroka siku tatu. Kila jioni majina yalipoitwa, kijana mmoja wa bweni letu aliitika kwa niaba yake kutoka nyuma, na mwalimu wa zamu akaweka alama. Bweni zima lilijua. Siku ya tatu mimi, kiranja mkuu, niliinua mkono nikasema kwamba sauti ile haikuwa ya Ambokile. Alirudi na kipande cha keki kwenye karatasi, ametuletea, akakuta sanduku lake liko getini. Sikusema uongo. Sikuvunja kanuni. Mpaka leo siwezi kuonyesha ni neno gani katika maneno yangu lilikuwa kosa.

“Unataka niombe radhi?” nilimuuliza.

“Radhi ya nini? Mimi nilifungua duka la baiskeli, nikanenepa. Nakuuliza kingine. Kitanda changu mlikifanya nini?”

“Niliagiza kikaliwe. Siku ileile, kabla ya chakula cha jioni.”

“Siku ileile!” Alicheka, kicheko chake kile cha kuinamisha kichwa. “Hukuweza kukiacha hata usiku mmoja?”

“Kitanda kitupu kinavuruga safu.”

“Hukuvurugwa na safu, Lutengano. Ulikuwa unalala umekielekea.”

Nilitaka kumjibu. Nilikuwa na jibu. Nimekuwa nalo siku zote, limepangwa vizuri. Lakini alikuwa ameshapita, na pengo aliloliacha lilinifikia, likasimama ubavuni mwangu, jeusi, la kiasi cha mtu mmoja. Ningeweza kuingia. Niliogopa, na kwa kuwa nimefundishwa kutotaja woga, sikujua kwa muda mrefu kwamba hilo ndilo jina lake.

*

“Umeamua?” Mkegani alikuwa mlangoni na chupa ya naitrojeni, ikitoa moshi mweupe. Nywele zake zilikuwa na mvi ambazo hazikuwapo alipotoka.

“Weka kigae,” nilisema. “Wewe utasema namba. Mimi nitashika vifuniko.”

Akakiweka kigae cha mwisho.

Tulitandika matabaka kumi na mawili. Nilifungua la kwanza, la pili, na kwa mkono wa kushoto nikafungua la tatu kwa kiasi alichonitajia. Mvuke wa najisi ukapanda. Doa la kijani likafifia, likang'aa, yeye akasema, “Moja,” na mimi nikajikuta sina la kuitikia, maana sakafu ilikuwa imetimia na wakati huohuo haikujaa. Mbili. Tatu. Mkono wa kushoto ulifungua kwa kunyatia, kama mkono wa mtu anayefungua barua ya mwingine. Kufikia tabaka la saba ulikuwa umezoea. Kufikia la nane nilikuwa nafikiri labda itashika.

Katika la tisa mkono ulifunga tanuri la tatu. Sikuuamuru. Doa lilikuwa linapanda, zuri, safi, na mazoea ya vigae mia nne na tisa yaliyomo ndani ya mfupa yaliona pengo na kuliziba. Tabaka la tisa lilitimia likiwa limejaa, kila kiti na mtu wake. Mkegani alikuwa ameinamia kipimo cha pampu, hakuona.

“Tisa,” alisema.

Ningeweza kunyamaza. Nilitandika la kumi, la kumi na moja na la kumi na mbili kama alivyoagiza, kwa sababu kazi haiachwi katikati, kisha nikafunga vifuniko vyote.

“Tabaka la tisa nimelijaza,” nilisema.

Alisimama wima. “Umelijaza vipi?”

“Nilifunga la tatu. Mkono wangu.”

“Kwa makusudi?”

“Hapana.”

“Basi mkono wako ni mkweli kuliko wewe,” alisema, akaligeukia pipa. Nilitamani anipigie kelele. Akakitoa kigae, akaukata utando wake kuwa pete, akakilaza ndani ya sinia, na akamimina naitrojeni juu yake kwa uangalifu wa mtu anayemwogesha mtoto mchanga.

Mjumbe wa Baraza aliingia wakati huo, mtu mnene mpole mwenye mkoba, akijipepea. “Poleni na kazi,” alisema. “Ndicho hicho?”

“Ndicho,” alisema Mkegani.

Tuliweka dira kando ya sinia, tukaamsha umeme ndani ya pete kwa sumaku, tukaiondoa sumaku. Sindano ya dira iligeuka ikaielekea pete. Katika vigae vyote vilivyotangulia sindano ingerudi kabla hujavuta pumzi. Tukangoja. Mjumbe alikaa kwenye kiti, akala karanga zake zote, akapangusa mikono. Sindano haikurudi. Mkegani aliongeza naitrojeni mara ya pili, mara ya tatu. Sindano haikurudi. Umeme ulikuwa umepata njia juu ya lile tabaka la tisa na chini yake, elektroni zikienda mbilimbili katika sakafu zenye mapengo, na katikati yao sakafu yangu moja iliyojaa ilikuwa imesimama imara, haisaidii na haizuii.

Mkegani alikaa chini sakafuni, akajifunika uso kwa khanga.

“Hongereni,” alisema Mjumbe. “Niandike nini?”

“Andika kwamba imeshika,” nilisema. “Na andika kwamba tabaka la tisa lina dosari.”

Mjumbe aliweka kalamu chini. “Mzee, imeshika au haikushika?”

“Imeshika, na ina dosari.”

“Mimi nikiandika dosari, taarifa inakwenda kwenye Kamati ya Dosari. Kamati hukutana mara moja kwa kila vigae mia. Waya wa Kata ya Mwisho unakatwa leo alasiri, amri haiingoji Kamati. Nisipoandika, natia saini sasa hivi.” Alisema kwa huruma, hakuwa mtu mbaya. “Mstari mmoja tu, mzee. Hata sijausikia.”

Mkegani alikuwa ameondoa khanga usoni. Hakuniomba. Laiti angeniomba, ningeweza kukataa.

Nilisimama kati ya hao wawili nikitafuta kanuni, kama nilivyotafuta siku zote, na safari hii kanuni zilikuwa mbili na hazikuwa na nafasi ya kupishana.

“Dosari ikiwa na mwenyewe?” niliuliza.

“Vipi?”

“Ikiwa haikutokana na kazi, ikatokana na mtu. Mtu mwenye jina.”

Mjumbe alifikiri. “Hilo ni kosa la nidhamu, haliendi kwenye Kamati. Mhusika anaondolewa palepale, kazi inaendelea.”

“Basi andika. Tabaka la tisa lilijazwa na Lutengano, kwa mkono wake, kinyume cha maagizo.”

“Maagizo ya nani?”

“Ya mkuu wa chumba, Bibi Mkegani.”

“We Kiranja!” Mkegani aliinuka. “Mkuu wa chumba tangu lini?”

“Tangu namba moja ya kigae hiki. Ulikuwa unasema namba wewe.”

“Una wazimu. Mjumbe, usiandike, huyu mzee ana wazimu.” Lakini Mjumbe alikuwa ameshaandika, na kutia saini, na kukausha wino kwa pumzi yake.

Mkegani hakuweza kunisindikiza. Naitrojeni ilikuwa inachemka na kupungua ndani ya sinia, na pete ikipata joto kila kitu kingepotea. Ilibidi abaki akiijaza. Alinizungumzia akiwa amenipa mgongo, akimimina.

“Nenda kwa mama, Mzee Lutengano. Nyumba ya tatu kutoka nguzo ya mwisho. Mwambie nimekutuma. Ataanza kukutukana, usimjali, kisha atakupa chai.”

Sikumwahidi. Niliivua kofia ya kazi, nikaiweka mezani, nikaona haikukaa sawa, nikaiacha hivyo hivyo.

Getini jua lilikuwa kali, nami nilikuwa nimesahau kwamba lina uzito. Bawabu alikuwa na daftari lake la wanaotoka na wanaoingia.

“Shikamoo, mzee. Saa ya kutoka nimeandika. Unarudi lini, nijaze hapa?”

“Paache wazi.”

Alisita. “Hapaachwi wazi, mzee. Agizo lako mwenyewe hilo, limebandikwa hapa nyuma yangu, na saini yako.”

Nililisoma. Lilikuwa limeandikwa vizuri. Nilinyoosha mkono, akanipa daftari, na palipohitaji jina la anayeruhusu nikaandika langu. Kisha nikalirudisha mikononi mwake likiwa na nafasi ile nyeupe, ya kiasi cha neno moja. Alilitazama, akanitazama. Akalifunga.